Meza Yako Iko Chini ya Gurudumu

Gisenyi

Simeoni, mudogo wangu,

Miaka mbili hujakuja kuniona. Kutoka Bukavu mpaka huku ni siku moja ku bateau ya ziwani, lakini we unakaa kule na randa yako kama vile dada yako alishazikwa. Sikukusalimia kwanza kwa sababu nimekasirika. Bon, sasa nakusalimia. Muko wazima? Mugongo ya bibi yako, wifi yangu, imepona? Sisi tuko, Mungu anatuchunga, ila magoti yangu na mutoto wangu Patrisi, hao wananisumbua sawasawa.

Anayeandika ni mujukuu wangu Esperansi. Mi nasema, yeye anaandika. Nimemukataza kupunguza.

Ile meza ya muvule ulinitengenezea nilipohama, Patrisi ameitoboa. Matundu ine, pale katikati penye naweka sufuria. Amefungia hapo gurudumu ya voiture, gari ndogo anayotengeneza yeye mwenyewe, ya kutembea na bateri, bila esanse, ni kusema petroli. Moteri aliitoa ku mashini mubovu ya kuinua mizigo, kule bandarini Rubona. Anaitengeneza kwa ajili ya Esperansi. Unajua muguu yake. Alifaulu mutihani, masomo iko kule juu Nyundo, na barabara ya kule hawezi kuipanda na fimbo.

Wakati ya Pasaka waliijaribu. Ikashuka mbio kupita vile Patrisi alifikiri, ikaingia na mutoto ndani ya viazi ya jirani. Hakuumia. Lakini mama yake, Imakulata, alisema, "Mutoto wangu harudi ndani ya hiyo kitu mpaka iseme yenyewe inakimbia namna gani."

Donc Patrisi akatengeneza kidude ya kupima mwendo. Alibandika sumaku ndogo na lami pembeni ya gurudumu. Kila mara gurudumu inazunguka, sumaku inapita mbele ya kidude, na kidude inahesabu moja. Mwendo ikizidi, kengele inalia, umeme inakatika, dereva anashika breki. Lakini kwanza ijaribiwe ku meza. Ku meza yangu.

Mi ndiye nilikuwa nazungusha na mukono, nahesabu ku rozari. "Kumi," nikasema.

Patrisi akaangalia kidude yake. "Huku iko saba. Mama, umehesabu vibaya."

Mi? Mi nilizaa watoto tisa na sikusahau hata mumoja sokoni. Tukarudia: sita. Tukarudia: tisa. Asubuhi yake: ine. Akabadilisha nyuzi. Akachomelea upya. Akasogeza kidude mbele, akairudisha nyuma. Wiki tatu, Simeoni, tunakula sahani ku magoti kama watu wa kilio, na yeye anaongea na gurudumu kupita anavyoongea na bibi yake Imakulata. Esperansi naye akaanza kusema haizuru, atabaki nyumbani ajifunze kushona. Hapo ndipo niliumia. Usifute hiyo, mutoto. Andika.

Siku ya Mungu, tulipotoka misa, Patrisi alichoka, akaenda kukaa pembeni ya ziwa. Nikabaki peke yangu na ile gurudumu. Nikapitisha kidole ku sumaku. Kidole ikarudi nyeusi, na si lami. Nikaisugua katikati ya vidole. Yewe, niliijua.

Ilikuwa muchanga yangu.

Unajua huku tunasugua sufuria na muchanga nyeusi ya pembeni ya ziwa, pamoja na majivu. Kila jioni Patrisi akitoka ku meza, mi nilisugua meza, na gurudumu pia, kwa sababu ilikuwa inadondosha mafuta penye tunakula. Muchanga ya huku ilitoka ndani ya moto ya mulima, iko na chuma ndani. Sumaku ilikuwa inaikusanya kila siku, na juu ya lami nyeusi nani ataiona? Ilijaa mpaka ikaziba ile nafasi nyembamba mbele ya kidude, na mara zingine kidude ikakosa kuisikia sumaku ikipita.

Nikapangusa na kitenge. Nikamutuma Esperansi amuite baba yake. Alipofika, nilizungusha kumi, ikasema kumi. Ishirini, ishirini. Nikamuambia kila kitu. Aliniangalia sana.

"Mama. Wiki tatu."

"Ungetoboa meza yako," nikamujibu. Imakulata alicheka mpaka akakaa chini.

Unafikiri nimerudishiwa meza? Sasa anasema lazima gurudumu izunguke mara elfu moja bila kukosea hata moja, na mi nimekatazwa kuisugua. Iko pale, chafu, na masomo inakaribia kuanza.

Salimia bibi yako. Salimia dada yetu mukubwa, umuambie kitenge aliyonipa ndiyo iliponyesha kidude. Salimia na yule jirani yako mushona viatu, hata kama alinicheka siku nilipohama.

Ni mi dada yako, mama ya Patrisi, na bado nimekasirika.

Ukikuja, kuja mbele ya masomo kuanza, na ulete meza ingine. Mutoto hatapanda hiyo voiture kabla yangu, mi ndiye nitashuka nayo mulima kwanza. We simama kule chini ku kona, utege sikio. Ukiniona napita mbio na kengele haijalia, chukua meza yako mupya urudi nayo Bukavu, mi sitaihitaji tena.