Nilimfutia Baba Ufunguo wa Gari, Sasa Ananiomba Nimtengenezee

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo, na pole kwa kubeba shida za watu kila wiki. Naomba unisaidie kabla sijaharibu zaidi, maana mimi ni mtu wa makamo, nina mke na watoto, nasali, ulevi siujui, na sikuwahi kudhani ningefika umri huu nikawa najibanza nyuma ya pazia la duka langu mwenyewe kila nikimwona baba yangu mzazi anavuka barabara kuja kwangu.

Kazi yangu ni kuchonga funguo na kutengeneza rimoti za magari. Shule sikwenda mbali, lakini kwenye kazi hii, namshukuru Mungu, sijambo. Ukipoteza ufunguo uje na kadi ya gari yenye jina lako, nachonga chuma, naweka chipu, nachomeka mashine yangu chini ya usukani na kulifundisha gari kuutambua ufunguo mpya, na ule uliopotea naufuta kwenye kumbukumbu ya gari ili hata aliyeuokota asifike nalo popote, ataingia, atakaa, atazungusha, na gari litamtazama tu. Wateja hupenda sana nikiwaeleza hadi hapo.

Sasa baba yangu ni dereva mstaafu. Alikuwa anaendesha gari la wagonjwa, na mpaka leo watu wazima wanamsimamisha njiani kumwambia, "Mzee, mimi nilizaliwa kwenye gari lako." Alipostaafu alinunua kigari chake kidogo, anakiosha mwenyewe, hata mimi nikitaka kukiazima lazima nieleze naenda wapi. Mwaka huu akaanza kubadilika. Siku moja alikuwa anarudi nyuma kutoka uani, akaigonga nguzo ya kamba ya nguo, na dada yangu mkubwa, ambaye anaishi naye, alikuwa hapohapo anaanika, akaruka na shuka mkononi. Baba akashuka, akaitazama ile nguzo, akauliza, "Nani ameihamisha hii?" Tukacheka, Shangazi. Lakini baadaye alipita kwenye taa nyekundu akiwa na mjukuu wake kiti cha mbele, dada nyuma akapiga kelele, "Baba, taa!" na baba akajibu kwa utulivu kabisa, "Ipi?"

Hapo hatukucheka tena.

Dada akanijia dukani hata salamu hakunipa vizuri. Akasema, "We si ndiye ulifuta ule ufunguo baba alioudondosha sokoni, usiwashe gari tena?" Nikamwambia ndiyo, ndiyo kawaida. Akasema, "Basi na huu alionao ufute. Tutamwambia gari limeharibika." Nikamwambia, dada, huyo ni baba, tukae naye tuzungumze. Akanicheka usoni. "Nani azungumze naye? Wewe? Wewe ambaye mpaka leo ukitaka kumwambia kitu unanituma mimi?" Na Shangazi, ni kweli.

Basi nikalichukua gari kwa kisingizio cha kwenda kujaza upepo matairi, nikalifikisha dukani, nikachomeka mashine, nikafuta funguo zote mbili na kurudisha ule wa akiba peke yake, ambao dada ameuficha chini ya nguo zake sandukuni na kumwambia baba umepotea. Kazi yenyewe ilikuwa fupi kuliko kunywa chai. Nilijiambia naokoa maisha, tena nikamwomba Mungu anihesabie kama wema.

Kilichofuata ndicho kinachonimaliza. Baba akaingia garini kwenda ibadani, likakataa, kile kitaa chenye picha ya ufunguo kikawa kinawaka na kuzima. Akabadilisha betri ya rimoti. Akaomba ufunguo wa akiba, akaambiwa umepotea, akapindua makochi yote sebuleni kuutafuta. Kinachomchanganya ni kwamba akibonyeza rimoti milango inafunguka, kwa sababu milango ni kazi ya rimoti na injini ni kazi ya chipu, mimi niligusa chipu tu. Basi anasema, "Gari linanijua! Lingekuwa halinijui lingenifungulia mlango?" Asubuhi anaingia, anakaa, anajaribu, anatulia kidogo, anajaribu tena, halafu anafuta vumbi kwenye dashibodi na kushuka.

Mwishowe akaja dukani kwangu. Nilikuwa na wateja. Akakaa kwenye benchi, akaanza kuwaambia, "Huyu ni mwanangu, hakuna gari linalomshinda huyu." Halafu akaniwekea ufunguo mezani, gari limevutwa kwa kamba hadi nje ya duka, na mimi nikatoka na mashine, nikaichomeka, nikabonyeza bonyeza pasipo maana yoyote, nikamwambia, "Baba, mashine inakataa." Mteja mmoja aliposikia hivyo akachukua ufunguo wake akaondoka zake. Baba akaona aibu kwa ajili yangu, akanishika bega, akasema, "Usijali mwanangu. Hata mimi kuna siku gari lilikuwa linanishinda." Shangazi, bora angenizaba kibao.

Na haikuishia hapo. Baba ameamua kwamba mharibifu ni fundi umeme wa mtaani kwetu, tunamwita Fundi Waya, kwa sababu ndiye wa mwisho kuligusa gari, alimtengenezea honi. Amewaambia waumini wenzake, na wateja wa Fundi Waya wameanza kumkwepa, nimepita kwake nimemkuta amekaa juu ya tairi anatazama barabara. Juzi kwenye ibada, baba aliomba gari lake liombewe, kiongozi wetu akasimama akaomba kwa sauti kubwa kwamba mkono uliofanya jambo hili uonekane, na watu wote wakaitikia amina, na mimi nikaitikia, mkono nimeutia mfukoni. Sasa baba anasema siku ya ibada ijayo, wakitoka, ataenda na wazee wenzake kwa Fundi Waya wamtake alirudishe gari kama alivyolikuta.

Dada anasema ninyamaze, Fundi Waya atapata wateja wengine lakini baba hatutapata mwingine. Mke wangu hajui kitu. Mimi nimefikiria njia moja, niurudishe ule ufunguo kimyakimya, nimwambie baba ilikuwa ni waya umelegea, kila mtu aheshimike, yaishe. Lakini nikiurudisha ataendesha, na nikimkumbuka mjukuu kiti cha mbele nashindwa hata kuigusa mashine. Je, Shangazi, ninyamaze kwa ajili ya uhai wake, au nirudishe nimwachie Mungu? Nishauri kama mama, hata kwa ukali nitapokea.

Ni mimi,
Fundi Funguo

*

Marahaba, Fundi.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka ulipofika kwenye amina. Mara ya pili nilimwona yule mzee anafuta vumbi kwenye dashibodi ya gari lisilowaka, kicheko kikanikauka.

Umeomba ukali, nakupa, lakini kwanza nikutulize. Kutaka baba yako asiendeshe ni sawa. Mtu anayepigiwa kelele kuhusu taa nyekundu akajibu "Ipi?" hatakiwi kushika usukani hata kama amezalisha nusu ya mji ndani ya gari lake. Wewe na dada yako mliona hatari na mlistahili kuizuia. Katika hilo usilale ukijilaumu.

Sasa nisikilize. Mlizuia gari, baba yenu mkamwacha gizani. Ule ujanja wako ni wa kumzuia mtu aliyeokota ufunguo usio wake, nawe umemfanyia mwenye gari, tena ukasimama mbele yake na mashine yako unabonyeza kama mtoto anayecheza na simu ya mama yake. Kisha ukamwacha akufariji! Mzee ameona aibu kwa ajili ya ufundi wako, nawe ufundi wako ndio uliomfunga. Umesema mwenyewe bora angekuzaba kibao. Nakubaliana nawe.

Na kuna jambo nimelitafuta katika barua yako nikalikosa. Umeniandikia chipu, rimoti, betri, mashine, sanduku la dada, hadi makochi. Daktari wa macho hukumtaja hata mara moja. Nguzo hakuiona. Taa hakuiona. Mjukuu akiwa kando yake, dada nyuma anapiga kelele, na bado hakuiona. Hilo nalo unalitibu kwa mashine ya funguo? Wazee wengi hupata mtoto wa jicho, dunia inaingia ukungu polepole mno, mwenyewe asijue, aone tu kwamba watu siku hizi wanahamisha nguzo ovyo. Mara nyingi hutibika. Sisemi ndicho alichonacho, mimi si daktari. Nasema ninyi watoto wake wawili, watu wazima na akili zenu, mlikimbilia kumfungia gari kabla ya kumpima jicho.

Ile njia yako ya waya uliolegea itupe. Ukiurudisha ufunguo kimyakimya, kesho atakuwa barabarani na jicho lilelile, na uongo utakuwa wa tatu, na Fundi Waya atabaki ndiye aliyelegeza waya. Umemsahau hapo, umeona? Ulikuwa unamwokoa kila mtu isipokuwa yeye.

Kwa hiyo hutaurudisha, na hutanyamaza pia. Utasema.

Usingoje siku ya ibada. Ukimaliza kusoma haya funga duka, nenda nyumbani kwa baba wakati kuna mwanga, na dada yako awepo. Akikataa mwambie Shangazi amesema wazo lilikuwa lake na sanduku ni lake, kwa hiyo na kiti kimoja kwenye mazungumzo hayo ni chake. Autoe ule ufunguo wa akiba mbele ya baba na kuuweka mezani. Halafu useme wewe, si yeye. Miaka yote umemtuma dada kusema yako, leo hapana. Maneno yenyewe ni machache: "Baba, ufunguo wako haukuharibika. Niliufuta mimi, kwa sababu uliigonga nguzo, ukapita taa nyekundu na mtoto ndani, nami nikaogopa. Fundi Waya hana kosa." Usiongeze hadithi. Usianze na "unajua baba umri nao". Ukianza na umri wake umeshindwa kabla hujakaa.

Kisha mwombe mwende kwa daktari wa macho, na useme "twende", si "uende". Mwahidi kitu ambacho unaweza kukitimiza: daktari akimtibu na kusema anaona vizuri kuendesha, utachomeka mashine mbele yake na kuurudisha ufunguo wake yeye akiwa amekaa kwenye kiti cha dereva anakutazama. Daktari akisema hapana, funguo zote mbili zikae mkononi mwake, ni gari lake, ila atakayemwendesha ni wewe au dada. Ibadani, sokoni, kwa rafiki zake. Muwe na zamu, na zamu isiwe maneno tu. Mtu aliyebeba wagonjwa maisha yake yote hawezi kuanza kuomba lifti kwa watoto wake kama anaomba chumvi. Na atawakosoa njia nzima, mnafunga breki vibaya, mnakata kona vibaya. Itikieni "ndiyo baba", maana pengine anasema kweli.

Kwa Fundi Waya utakwenda siku hiyohiyo, kwa miguu yako, umkute palepale juu ya tairi, uombe radhi. Halafu siku ya ibada simama mbele ya wale wote walioitikia amina, useme mkono uliokuwa unatafutwa ni wako na Fundi Waya ni msafi. Usisimulie tatizo la jicho la baba yako hapo, hilo ni lake kulisema akitaka. Sema lako tu. Wateja wako utakaowapoteza kwa hilo watakuwa wachache kuliko unavyodhani. Mimi mtu akiniambia "nilikosea" mbele ya watu, ufunguo wangu nitampelekea yeye. Na ukitoka hapo umpelekee Fundi Waya kila mteja wa umeme anayepita dukani kwako, mpaka akose muda wa kukaa juu ya tairi.

Mke wako naye mwambie kabla hajasikia kwa majirani.

Baba atafoka, bila shaka. Huenda akakufukuza, huenda akamgeukia dada yako. Wewe usiinuke kwenye kiti, usitazame simu, usitoke nje kupunga upepo. Na akishachoka kufoka, akakuuliza kwa sauti ya chini, "Kwa nini hukuniambia tu?", usimtaje dada, usimtaje mjukuu, wala usilete dini hapo. Mwambie, "Nilikuogopa, baba." Halafu nyamaza, umsikilize anajibu nini.