Kuikata Landrova ya Mzee Zakayo

Mzee wangu Zakayo,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti chako cha gereji, kile ulichokitoa kwenye lori bovu ukakipigilia miguu ya mbao. Ni Jumapili asubuhi, watu wako kanisani na Migori imetulia. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichozungumza mimi na wewe kwa miaka kumi na miwili. Wewe hukujua Kikuria hata cha kuombea maji, na Kijaluo changu ulisema kinachekesha hata kuku. Sijui kama barua hufika huko uliko. Ila nimeshawauliza walio hai wote na sikupata jibu, kwa hiyo nimebaki na wewe.

Jambo lenyewe ni Landrova. Landrova yako imekufa, Mzee, na aliyeiua ni mimi.

Acha nikueleze, maana hukuona. Tulikutoa hospitali ya Homa Bay tukakurudisha nyumbani ndani ya gari lako mwenyewe. Niliendesha mimi. Barabara ya Rodi ilikuwa tope jeusi tupu, lile la kung'ang'ania magurudumu, na mke wako, Mama Akinyi, alikaa nyuma ameshika sanduku lako lisigongegonge. Hatukukwama hata mara moja. Niliona fahari, nakuambia kweli. Siku ya msiba wako mimi niliona fahari kwa sababu gari halikukwama.

Kesho yake baada ya kukuzika, wanaume wa ukoo wenu wakakusanyika kwenda kukifukuza kifo. Unaijua desturi yenu kuliko mimi: ng'ombe hukimbizwa kwa mikuki na pembe na nyimbo mpaka mpakani, ndipo watu hurudi nyumbani. Ezekia mdogo wako akasimama akasema kwamba maisha yako yote uliyamaliza na magari, basi fahali wako ni Landrova, nayo itatangulia mbele ya ng'ombe. Watu wakashangilia. Usukani nikapewa mimi, Mkuria peke yangu katika lile kundi lote, kwa kuwa hakuna mwingine aliyelijua gari lako.

Wakalipamba kama wanavyomvika ng'ombe. Matawi na majani ya kutambaa yakafungwa mbele yote, kutoka taa hii hadi taa ile, mpaka rejeta haikuonekana. Mzee, niliona. Fundi yeyote anajua kwamba rejeta inataka upepo ili injini isichemke. Nilisimama pale na spana mfukoni nikayatazama yale majani, na sikusema kitu. Nilijiuliza mimi ni nani hata niyatoe majani ya msiba wa watu. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na hayo mengine yote yalitoka hapo.

Tukaondoka kwa gia ya kwanza. Wanaume walining'inia kila mahali, juu ya boneti, juu ya paa, kwenye bampa, wengine wakikimbia kando na mikuki. Tulipoanza kupanda kilima injini ikaanza kulalamika. Halafu mvuke ukatoka katikati ya majani, nao wakadhani ni vumbi. Nikamwambia mzee aliyekaa kando yangu kwamba tusimame kidogo, gari linachemka. Hakunitazama hata. Akasema, "Hapana simama. Ukisimama kabla ya mpaka, hiyo kifo inarudi na sisi mpaka nyumbani."

Sikusimama. Ningefanya nini? Nyumbani alikuwa Mama Akinyi na watoto, na mimi ndiye ningekuwa nimewarudishia kifo. Nikakanyaga mafuta. Tukashuka kwa kasi hadi kwenye ule mto mdogo, tukauingia wote na nyimbo zetu, na maji ya baridi yakafika kwenye injini. Nikasikia mlio mmoja, mdogo tu, kama sufuria imeanguka jikoni kwa jirani. Gari likazima pale pale.

Wao walifurahi. Walilisukuma mpaka mpakani wakiimba, wakanipiga mgongoni, wakasema gari la Zakayo limekufa likipigana. Nilicheka pamoja nao. Nilikuwa nimeshajua.

Nilipofungua nilikuta bloki ya injini imepasuka, ufa mrefu kama mkono kutoka silinda ya pili kwenda chini. Nimejaribu kuchomelea mara tatu. Unajua chuma kile kisivyotaka moto: unafunga hapa, kinafunguka pale. Niliandika Kisumu kuulizia bloki. Wakajibu kwamba ya aina ile ya zamani haipo tena, labda iagizwe ng'ambo, nao hawaahidi. Nikaandika tena. Wakajibu maneno yale yale. Sasa ni mwezi wa sita gari liko juu ya mawe, na panya wamezaa ndani ya kiti cha nyuma.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Ezekia amepata injini ya pikapu iliyopinduka karibu na Rodi. Ni nzima, nimeisikia ikiunguruma. Lakini ni ndefu kuliko yako. Kuiweka, lazima nikate ule ukuta wa chuma ulio mbele ya miguu ya dereva, nikate na chesisi mahali pawili, nisogeze giaboksi nyuma. Tena Ezekia anataka nikate sehemu ya nyuma yote niirefushe, abebe samaki kutoka Homa Bay kuleta soko la huku. Alikuja akazunguka gari mara mbili, mikono nyuma kama anayechagua fahali, akaniambia, "Marwa, hii gari ya ndugu yangu haiwezi kuwa kaburi ingine. Kaburi tayari iko nyumbani."

Siwezi kusema ana makosa. Sina hamu naye, unajua sijawahi kuwa na hamu naye, lakini hana makosa.

Mama Akinyi naye huja kila Ijumaa. Haniulizi habari za kazi. Hupangusa usukani, hupangusa kile kioo cha pembeni ulichokifunga kwa waya, kisha hukaa mahali pake pa abiria kwa muda na kurudi nyumbani. Siku moja nilimuuliza anataka nifanye nini. Akasema, "Mimi sitaki kitu mpya. Nataka ile sauti yake ikiingia kwa lango, nijue nani amekuja." Sauti yenyewe ndiyo ile iliyopasuka.

Na wewe ndiye umenitia taabuni kuliko wote. Nimeyakumbuka maneno yako yote, na yanapigana. Siku ulipompata yule mwalimu wa Awendo amekatakata gari zuri kulifanya liwe kama basi, ulinivuta pembeni ukaniambia, "Usikate kitu yenye huwezi kurudisha." Nililishika neno hilo kama amri ya kanisani. Halafu mwaka huo huo, tukiwa Homa Bay tunangoja samaki aive kwa yule mama wa pale gatini, nilikuuliza kwa nini hulipaki rangi gari lako likapendeza. Ukacheka. Ukasema gari ni ya kutembea, si ya kuangaliwa. Siku hiyo ngege wangu alikuwa na miiba mingi nami nilikuwa nikihangaika naye, ukaniambia nakula samaki kama mtu anayefungua injini kwa nyundo. Tulicheka mpaka yule mama akatushangaa. Basi nishike neno gani, Mzee? Ulisema yote mawili na ukaondoka.

Kuna jambo jingine ambalo nimeligundua nikiwa chini ya gari, mgongo kwenye gunia. Watu wanasema lirudishwe kama lilivyokuwa. Kama lilivyokuwa lini? Ulilinunua kwenye mnada wa serikali, kabla ya Uhuru, likiwa halina hata magurudumu. Springi za nyuma ulizitoa kwenye lori. Gaskiti ulizikata mwenyewe. Ile nafasi nyuma ya kiti cha dereva uliikata wewe ili miguu ya kitanda cha mgonjwa ipite. Hakuna fundi duniani anayeweza kulirudisha, kwa sababu lilikuwa limeshakuwa wewe. Nililia pale chini. Sikuona aibu, mafuta yalikuwa yananidondokea usoni na asingejua mtu.

Basi nikakaa. Miezi mitano nilikuwa nikisema nafikiri, kumbe naogopa tu. Niliwatengenezea watu magari yao, nikapita kando ya lako bila kuligusa.

Wiki mbili zilizopita walikuja wanaume wanne kutoka kwetu, upande wa mpakani, wamebeba kitanda mabegani. Juu yake kulikuwa na mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa wa siku ya pili. Mama mkwe wake alikuwa akitembea nyuma na kikapu. Hawakuja kwa bahati. Walikuja wakijua, kama watu wote wa huku wanavyojua, kwamba gerejini kwa Zakayo kuna gari linalofika hospitali hata mvua ikinyesha, na Zakayo hamkatai mtu. Habari za kifo chako hazikuwa zimefika kwao.

Waliniuliza kwa Kikuria, gari liko wapi. Nikawaonyesha. Walilitazama pale juu ya mawe, boneti wazi, kisha wakanitazama mimi. Basi lilikuwa limeondoka asubuhi, na malori ya wafanyabiashara yote yalikuwa safarini. Nilikimbia kwa Mhindi wa duka, nikakimbia kituo cha polisi, kote nikaambiwa gari limetoka. Niliporudi walikuwa wameshainua kitanda na kushika njia ya Awendo kwa miguu. Niliwafuata nikampokea mmoja mahali pake, na nilibeba mpaka tukakutana na lori lililokubali kumchukua. Jua lilikuwa limeshaanza kushuka.

Mama alipona. Mtoto hakupona.

Alipita hapa juzi akirudi kwao. Alikaa kwenye ile ngazi ya mlangoni, akaomba maji, akanishukuru kwa kubeba. Alinishukuru, Mzee. Kisha akaniuliza gari litapona lini. Nikamwambia sijui.

Siku hiyo hiyo nilikwenda kwa Mama Akinyi nikamweleza yote, na ya majani ya kwenye rejeta, na ya kutosimama, mambo ambayo sikuwahi kumwambia mtu. Alikuwa akichambua maharage. Aliendelea kuchambua mpaka maharage ya ungoni yakaisha. Kisha akasema, "Basi kata." Akaomba jambo moja tu, kwamba asiwepo. Atakwenda kwao Asumbi akae mpaka kazi iishe. Ameondoka jana, na kabla ya kuondoka alipita hapa akapangusa usukani.

Kwa hiyo kesho naanza. Sifurahii, na usidhani nimepata amani, maana sijapata. Gari litatembea lakini halitakuwa lako. Nimemwambia Ezekia kwamba sehemu ya nyuma nitairefusha iwe na nafasi ya kitanda kizima, na kwamba mgonjwa atapanda kwanza, samaki watafuata. Alikubali upesi mno. Sijui atalishika neno hilo kwa muda gani, na mimi sina ukoo wa kunisimamia katika mambo ya mali yako. Nina kazi ya mikono tu, na siku nitakapomaliza kazi, gari litakuwa lake.

Naomba unisamehe kwa yale majani. Naomba unisamehe kwamba nilisikia na sikusimama. Ulinifundisha kusikiliza injini kabla ya kumsikiliza mtu, na siku moja ambayo ilikuwa na maana nikamsikiliza mtu.

Nakuahidi hivi. Maadamu niko Migori na gari hilo linatembea, hakuna atakayepita mbele ya gereji hii amebebwa kitandani huku mimi nikimwonyesha gari kwa kidole. Ezekia akikataa, nitauficha ufunguo, na wakinishtaki kwa mzee wa ukoo nitakwenda kushtakiwa.

Basi oriti, kama mnavyoagana kwenu, Mzee. Pumzika. Nimeshachora mistari ya chaki mahali pa kukata, nimepima mara nne. Zamani kila nilipopima mimi, wewe ulipima tena nyuma yangu, ndipo ukanipa msumeno. Kesho nitauchukua mwenyewe.

Ni mimi fundi wako,
Marwa