Chumba Alichonijengea Mkwe Wangu

Jumamosi, mwezi wa nane. Kitale.

Mvua imenyesha tangu saa tisa na bado haijaamua kuacha. Mjukuu wangu, aliyenifungulia hii blogu kwa simu, anasema lazima mtu aanze na hali ya hewa. Haya, hiyo ndiyo ya nje. Ya ndani ni mbaya zaidi.

Tulikuwa kwa matembezi. Ndiyo, mimi, mwanamke wa Naitiri wa darasa la tatu, nimezunguka miji kama mtalii. Binti yangu Nekesa na mume wake walinijia asubuhi na gari, ati mama amekaa sana nyumbani, wacha aone dunia. Tukateremka Bungoma kwanza, kisha tukapanda huku Kitale wanakoishi.

Wasiojua desturi yetu nitawaeleza mara moja tu, sirudii. Mimi na mkwe wangu hatushikani mikono. Hatuli meza moja. Hatuongei uso kwa uso, na jina lake silitaji, hata hapa. Si chuki, ni heshima. Kwa hivyo yeye akiendesha, mimi nilikaa nyuma ya kiti chake, leso imeshuka mpaka machoni.

Shida ni kwamba huyo mtu ni mwalimu, na anapenda historia. Bungoma alisimamisha gari mbele ya maduka ya zamani ya Wahindi, yale yenye veranda na nguzo, akasema, "Nekesa, mwambie mama haya ni ya wakati wa reli." Nimesikia, nina masikio. Lakini Nekesa akanirudishia neno kwa neno, nami nikamtuma Nekesa amwambie kwamba nguzo ni nzuri ila aliyezipaka rangi hiyo ya waridi angechapwa. Siku nzima hivyo. Redio mbili, stesheni moja.

Nitasema ukweli, nilifurahia.

Mandazi ya Bungoma yalikuwa yamekunywa mafuta, nikala matatu. Hapa Kitale tukapata kuku wa kienyeji, ugali wa wimbi na mboga ya mrenda. Nilikula meza yangu peke yangu, mgongo nimewapa wao. Msichana wa hoteli akanionea huruma, akauliza kama nimekosana na watoto. Nikamwambia nimekosana na yeye, alete maji ya kunawa.

Baada ya chakula tukaenda kuona nyumba moja ya mawe ya walowezi, yenye bomba kubwa la moshi na sakafu ya mbao. Hapo mkwe alieleza milango tu. Huu wa wenye nyumba, ule wa wapishi, ule wa wageni, ati watu wengi waliweza kukaa mahali pamoja bila kukutana. Alieleza milango mpaka miguu ikaniuma. Sikujua anatafuta nini.

Sasa nimejua.

Tulipofika kwao, ubavuni mwa nyumba yao kuna chumba kipya. Kuta za mawe, dirisha lenye pazia la maua, na mlango wake wenyewe unaoangalia barabara. Nekesa akanishika mkono. "Mama, hiki ni chako. Naitiri hukai tena peke yako."

Hapa niandike jambo ambalo sijamwambia mtu. Mwezi wa sita niliteleza nikaanguka kando ya kisima. Nililala hapo kwenye matope tangu asubuhi mpaka mchukuzi wa maziwa akapita, na nikamwambia ati nilikuwa napumzika. Nadhani hakunyamaza, habari ikamfikia Nekesa. Mguu wa kushoto haunisikii tena. Sina mtoto wa kiume wa kukaa naye, Nekesa ndiye pekee Mungu aliniachia. Nikianguka tena, sijui nani atanikuta.

Basi nikainua macho juu ya hicho chumba, nikaona bati.

Ni moja. Limetoka juu ya nyumba yao likaendelea moja kwa moja mpaka juu ya chumba changu. Mwalimu mzima! Amefikiria ukuta, amefikiria mlango, amefikiria hadi pazia, akasahau kwamba kwetu mama mkwe halali chini ya bati moja na mkwe wake. Mlango si kitu. Bati ndilo.

"Mama, si bati ni bati tu," Nekesa akasema.

"Basi lala wewe. Mimi siingii."

Mvua ikamwagika hapo hapo. Nikarudi kwenye gari, nikafunga mlango. Na hapo ndipo aibu ilipoanza, kwa sababu mkwe hawezi kuingia ndani mama mkwe akiwa nje. Akasimama uani analowa, suruali imemshika miguu. Siwezi kumwambia aingie. Hawezi kuniambia nishuke. Nekesa katikati na mwavuli mmoja, hajui ni wa nani.

Nilimtazama kupitia kioo. Vidole vyake vimepasuka kwa simiti. Kumbe alikuwa akijenga mwenyewe, wikendi, na mimi nikidhani ni uvivu unaomzuia kuja kunisalimia. Nilitaka kusema, ingia ndani mwanangu, utapata homa.

Mwisho alinipa mgongo, kwa heshima, akapaza sauti nisikie.

"Nekesa, mwambie mama nimekosea. Jumatatu fundi anakuja, tulikate hilo bati. Chumba kisimame peke yake."

Nekesa akaanza kunirudia. Nikamwambia anyamaze, nimesikia.

Sasa niko kwa jirani yao, Mama Zuhura, mjane wa karibu na msikiti. Adhana ya magharibi imekwisha sasa hivi. Amenipa kitanda na chai ya tangawizi, akasema, "Dada, mkwe wangu hata simu hanipigii. Wako anakukatia nyumba." Nikamwambia ashughulike na chai yake. Akacheka. Anajua nimeshindwa.

Nimeshindwa kweli. Maana nilipoona lile bati ni moja, moyo wangu ulishukuru. Nilipata sababu. Ningerudi kwangu kichwa juu, na kosa lingekuwa la desturi, si langu.

Jumatatu ataikata hiyo sababu kwa msumeno, katikati ya mvua, na sitakuwa na ya kujificha nyuma yake. Nitabaki na mambo mawili ya kweli. Moja, sitaki kuzeeka uani kwa mtu. La pili, naogopa kulala tena kwenye yale matope nikingoja mtu apite.

Nitamtuma Nekesa na lipi?