Amekalishwa juu ya mikono

Mwenzangu, ndio natoka shuleni, nimevimba kwa hasira.

Unamjua binti yangu anavyosoma. Asipogonga meza kwa vidole, maneno yanamkwama. Akigonga, kila silabi inapata pigo lake na sentensi inateremka yenyewe.

Basi mwalimu wake kamkalisha juu ya mikono. Mbele yangu mimi mama yake. Juu ya mikono yake, kama mwizi.

"Soma." Mtoto anajaribu. Midomo inacheza, sauti haitoki.

Mwalimu ananigeukia: "Umeona, mama? Hajui kusoma huyu. Arudie darasa."

Nikamwambia mwachie mikono. Ati, "Hapa darasani, si ngomani." Mimi naambiwa ngomani. Nikamwinua mwanangu mwenyewe. Akagonga, akasoma ukurasa mzima bila kukwama.

Unajua mwalimu kasema nini? "Ameukariri." Ameukariri, na kitabu kakifungua yeye mwenyewe sasa hivi.

Halafu akaanza kunisomea sheria za shule, na kila neno linalomtoka, rula yake inagonga meza. Ta, ta, ta.

Binti yangu akamtazama, akamwambia kwa adabu zote: "Mwalimu, na wewe kalia mikono."