Nyayo Nyuma ya Nyumba ya Mama

Kwa kaka yangu Cornel,

Shikamoo kaka. Habari za Katoro, na kifua chako kinaendeleaje na vumbi la mashimo ya dhahabu? Huku tunapumua, ila amani hatuna. Mama anakula kidogo tu, na siku hizi haulizi tena utakuja lini.

Kaka, fisi amemaliza mbuzi wa majirani. Kwenye mkutano walisema fisi huyo ana mwenyewe anayemtuma kichawi, na mwenyewe ni mama, kwa sababu nyayo zake zilionekana pamoja na za fisi. Unaujua mguu wake usio na kidole gumba, haufichiki.

Unanijua kwa ubishi. Nikaenda kwa mzee Selestine, aliyekuwa askari wa wanyamapori, anifundishe. Akanionyesha kwamba fisi huacha alama za kucha, tofauti na chui anayezificha, na kwamba mguu wake wa mbele ni mkubwa kuliko wa nyuma. Kinyesi chake kikikauka huwa cheupe kama chokaa, kwa ile mifupa anayotafuna. Akanifundisha pia kutazama unyayo upi umelalia mwingine. Wa mama ulikuwa juu ya wa fisi: alipita asubuhi akienda kuchuma mlenda, fisi kashaondoka zake.

Nikarudi mkutanoni kifua mbele, nikaeleza yote. Wakanisikiliza mpaka mwisho, kisha wakauliza ni nani kanifundisha mambo ya fisi kama si mama. Mzee Selestine alikuwepo, hakufungua mdomo. Nililia njia nzima.

Tangu hapo kila alfajiri nakagua ardhi kuzunguka nyumba ya mama. Leo, baada ya mvua ya jana, sikuona fisi. Niliona nyayo za gambuti. Zimezunguka nyumba, zikasimama chini ya dirisha, zikasimama mlangoni. Kisigino cha kushoto kina mikato miwili, ile uliyoichonga mwenyewe ili wachimbaji wenzako wasikuibie, kabla hujampa mdogo wetu Maige. Tangu amzike mwanawe, Maige hajanywa hata maji kwa mama.

Nimwambieje mama kwamba anayemzungukia usiku ni mwanawe wa kumzaa? Majirani nao watasema nimeanza tena. Simu tunatumia moja na Maige, ndiyo maana barua hii nampa Abdulhalim, muuza dagaa anayekuja huko. Njoo umchukue mama, kaka. Kusoma ardhi nimejua, kuzuia kitu siwezi.

Msalimie wifi Loveness na watoto. Mama anakusalimu. Maige naye anakusalimu sana. Mchana huu ameung'oa mlango wa mama, anasema anakwenda kuutengeneza, ataurudisha keshokutwa.

Ni mimi mdogo wako,
Mageni