Katekista wa Ulezi na wa Ng'ombe

Baba yetu Wilibrodi, mwaka umetimia tangu ututoke hapa Pito, na bado tunakusikia ukicheka kabla hujamaliza hadithi yako mwenyewe. Lo, ulivyokuwa unajichekesha!

Ulikuwa katekista wa watu wote: huku sisi Wafipa na matuta yetu ya ulezi, kule Wasukuma waliohamia na mifugo yao. Siku ya kwanza kuwahubiria wafugaji, uliwapa habari ya mchungaji aliyeacha kondoo tisini na tisa akamfuata mmoja. Mzee Ngeleja akakukatiza, "Mwalimu, hao tisini na tisa kawaachia nani? Fisi?" Watu wakavunjika mbavu. Wewe ukacheka kuliko wote, kisha ukaomba ukachunge naye. Mama alisema umerukwa na akili. Ulirudi jioni viatu vimejaa samadi, umefurahi kama bwana harusi.

Halafu ng'ombe wa Ngeleja wakaingia kwenye ulezi mchanga wa Romani, Mfipa mwenzetu. Wanunuzi wa nafaka walikuwa wameanza kuleta malori toka Laela, na kila mtu alikuwa na matumaini na shamba lake. Vijana wakaja kigangoni na mapanga: wafugaji wahame, leo leo!

Hukuwatajia kondoo. Uliwauliza, "Jamani, nani kati yenu hung'oa gugu la ulezi kabla halijatoa suke?" Kila Mfipa anajua gugu lile na ulezi mchanga ni mapacha. Ukiwa na papara, unang'oa chakula chako. "Sasa hawa watu, masuke yao mmeyaona lini?" Mapanga yakashuka.

Kwa Ngeleja ukaenda na neno jingine. "Mzee, ng'ombe wako mmoja akipotea, unakaa unakunywa maziwa?"

"Thubutu! Nyumba nzima inatoka."

"Basi aliyepotea ni Romani. Kapotelea kwenye hasira, na ng'ombe wako ndio waliompoteza."

Kesho yake Ngeleja akatoka na nyumba nzima, maksai na plau, wakalima upya palipokanyagwa na kupanda tena. Romani alinuna mpaka adhuhuri, kisha akawaletea togwa mwenyewe.

Tunakukosa mno, Baba. Koti lako la mtumba Mama amekataa kumpa mtu.

Unakumbukwa na mkeo Dominika, wanao Beda, Margareth na Timoth, pamoja na wajukuu. Tulitaka kuishia hapo, Romani akaja juu: Ngeleja aandikwe kati ya ndugu, tena atangulie yeye. Haya, tumeandika: Ngeleja, kisha Romani.

Hatutakusahau, Baba, siku zote za maisha yetu.