Si Mukaidi, Ni Mugonjwa

Mama Zawadi,

Wiki iliyopita nilijibu barua peke yangu kwa mara ya kwanza, bila mtu kunisahihisha. Sikuona wa kumwambia kabla yako, ingawa tulikuzika mwaka jana.

Unakumbuka nilivyokuja kwako mtaani Bwiza, hapa Bujumbura. Shule ilikuwa imefungwa kwa sababu ya vita, mama akanitoa nyumbani Ngagara nijifunze cherehani kwako. Sijui hata leo ugonjwa ulianzaje. Najua tu kwamba kila kitu kilikuwa kinatushinda, na kutokula ndilo jambo pekee lililonitii. Nyumbani nilisema nimekula kwako. Kwako nilisema nimekula nyumbani.

Sketi ndiyo iliyonifichua. Ulinipunguzia kiuno mara mbili. Mara ya tatu ukaweka mkasi mezani. "Goreti, mi sipunguzi tena. Sketi haina kosa."

Wengine walisema nimerogwa. Shangazi alinigombeza mbele ya wageni: watu wanalala njaa kambini, we unachezea chakula? Aibu hiyo nilikuwa nayo tayari, Mama. Wewe hukuigusa. Mteja wako mmoja, muuguzi, alikuambia kuna wanawake huko mbali wanaowajibu kwa kompyuta watu wenye ugonjwa wa namna hii. Basi ukafunga atelie yako ya kushonea mchana kweupe, ukanishika mkono mpaka duka la intaneti mjini. Mashine hukuijua, ukanikalisha mimi.

"Andika: nina mutoto hapa. Si mukaidi, ni mugonjwa. Mi namupenda, lakini sijui nifanye nini."

Nikayageuza maneno yako kuwa Kifaransa, nikiandika habari zangu mwenyewe, herufi zikinipotea kwa machozi. Nilipotaka kuondoa neno "mugonjwa" ukaniona. "Apana. Usifute kitu."

Jibu lilikuja siku ya nne. Nipelekwe kwa daktari apime moyo na damu. Nisilazimishwe, nisihesabiwe matonge. Uketi ule nami. Ukafanya yote. Mezani ulinipigia hadithi za kwenu Uvira na ugomvi wa kwaya yenu, kuhusu sahani hukusema neno. Siku moja nilimwaga samaki zako, zile ndagala, nyuma ya nyumba, ukaona. Nilingoja kelele. Ulipakua nyingine, ukaketi. "Mi sina haraka."

Miaka miwili, Mama. Miaka miwili hukuwa na haraka.

Ulipoondoka nilirudi nyuma. Nisikufiche. Siku za matanga chakula kilinikataa kabisa, na mama akaanza kuniangalia kwa woga ule wa zamani. Lakini safari hii nilienda mjini mwenyewe, nikawaandikia wale wanawake: "Mimi ndiye yule mtoto wa fundi wa Bujumbura. Fundi amefariki." Wakanijibu siku ileile. Hawakuniacha mpaka nikasimama.

Halafu wakaniuliza kama naweza kuwasaidia, maana wanaoandika kwa Kiswahili hawakuwa na wa kuwajibu. Wakanifundisha miezi mingi, wakisoma kila neno langu kabla halijatumwa. Sasa wananiamini.

Barua niliyojibu ni ya msichana aliye mahali fulani kando ya ziwa. Jina lake sikuambii hata wewe. Kwao wanamwambia huo ni ugonjwa wa matajiri. Nikamwandikia kwamba mimi si tajiri na niliugua. Ijumaa akajibu mstari mmoja: "Nimekula nusu ya ndizi, na mama alikuwa ameketi nami."

Nilipiga kelele, duka zima likageuka! Nilitembea mpaka Ngagara nikicheka peke yangu. Mama alipouliza nikamweleza, naye Jumapili akawatangazia wanawake wa kanisa, kichwa juu, kwamba binti yake aliugua ugonjwa wa kutokula, akapona, sasa anawasaidia wengine. Yule yule aliyekuwa ananificha chumbani wageni wakija.

Najivunia, Mama Zawadi. Najivunia mimi, na zaidi najivunia wewe.

Pumzika sasa. Nakuahidi nitakula hata siku nisizotaka, na msichana yule hatakosa jibu langu. Leo umeme ulikatika kabla sijamaliza kumwandikia. Kesho duka likifunguliwa, nitakuwa wa kwanza mlangoni.

Wako,
Goreti